Mtungi Uliokuwa Mtupu

Habari ya kifo cha Irene ilimkuta Inspekta Tluway amepiga magoti katika sebule ileile alimoungulia mtoto. Simu iliita, akasikiliza, akasema "Sawa," akairudisha mfukoni. Kisha akabaki vilevile, magoti chini, kwa sababu kwa muda hakujua ainuke aende wapi.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili. Madaktari walisema tangu mwanzo kwamba moto umeingia kifuani, na wakawaomba watu wasali. Watu wa Gitting wakasali kweli, kanisani na majumbani, na mtoto akafa pamoja na sala zao. Sasa jalada lililokuwa la kujeruhi limegeuka la mauaji. Pascal, baba mdogo wa marehemu, aliyekuwa mahabusu, angefikishwa mahakamani Jumatatu. Mkuu wa kituo alishayasema hayo yote kwenye simu, karibu kwa pumzi moja.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ndio uliomkera Tluway. Pascal alifanya kazi kisiwani Mafia, akiwazamisha watalii baharini kwenda kuangalia samaki. Likizo iliyopita alimchukua Irene akae kwake, akamfundisha, na mtoto akarudi nyumbani na cheti cha uzamiaji. Gitting nzima ilicheka. Mtoto wa mlimani, aliyezoea maji ya kubeba kwenye ndoo, sasa ana ruhusa ya kupumua chini ya bahari! Baba yake, Clement, hakucheka. Aliamua kwamba Desemba familia yote itakwenda Mafia kumwona akizama. Pascal akaja na mitungi miwili ya hewa ili mtoto asisahau alichofundishwa, wakafanya mazoezi Ziwa Basotu mpaka hewa ikaisha. Kisha majirani wakaalikwa baada ya ibada waje wamwone Irene akivaa vifaa. Mtoto akafunga mpira wa kuvutia hewa kwenye mtungi, akazungusha koki, na moto ukamtokea usoni.

Muda huohuo Pascal alikuwa ametoka nje na simu sikioni. Alidai alikuwa anaongea na mwenye boti, kule Mafia, juu ya safari. Alidai pia kwamba mtungi ulikuwa mtupu. Mtungi mtupu hautoi moto, na mtu anayetoka nje kabla tu ya moto ana maswali ya kujibu. Majirani wakakumbuka kwamba ndugu wale wawili waliwahi kugombana kwa sababu Pascal alitaka Irene akasome Mafia, na hapo kila mtu akajiona mpelelezi.

Tluway aliuvuta mtungi karibu na dirisha. Haukupasuka. Ungekuwa umetegwa bomu, kama walivyonong'ona watu, ungefunguka ubavuni. Huu ulikuwa mzima, rangi yake ya njano imebabuka shingoni tu. Kilichoharibika ni koki. Shaba yake ilikuwa imeyeyuka, na ilianza kuyeyuka kutoka ndani kuja nje. Chini kidogo ya sehemu iliyoyeyuka aliona mikwaruzo miwili mipya, sambamba, ya meno ya spana.

Pascal alikuwa amemweleza kwamba hapo pote hufungwa kwa vidole. Mzamiaji hahitaji spana.

Aliifungua koki ile taratibu mpaka ikatoka, akainusa. Haikuwa petroli wala baruti. Ilikuwa harufu ya nyumbani, aliyoijua tangu utoto wake kule Tumati, lakini jina lake likamkwepa. Kitu cha jikoni. Akaangalia dirishani: jiko la nyumba ile lilikuwa banda la peke yake, mbali, nyuma ya zizi; harufu isingefika hapa kutoka huko. Akaiweka koki kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa lakiri, akatia sahihi, na bahasha akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Kielelezo hakiachwi kwenye gari. Hilo alifundishwa akiwa kuruta na hakuwahi kulivunja.

Alipokuwa anatoka aliona mchoro wa Irene ukutani. Bahari ya bluu, boti juu, mama na baba ndani ya boti wanapunga mikono. Chini ya maji watu wawili wameshikana mikono, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Nusu ya bahari ilikuwa imepata masizi. Tluway akavuta mlango.

*

Karakana ya Clement pale Katesh ilikuwa imefungwa kwa msiba, lakini mwenyewe alikuwa ndani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji, maana ndiye aliyemkumbatia mtoto moto ukiwa bado unawaka. Mkewe alikuwa hospitali na mwili.

"Pole sana, Clement."

"Asante, afande. Wameshanipigia." Hakuinua macho. "Huyo mdogo wangu ameshasema kwa nini?"

"Bado."

"Atasema. Mbaneni tu."

Tluway alizunguka karakana polepole. Mageti yaliyokamilika nusu, fremu za madirisha, mashine ya kuchomelea. Ukutani mitungi mirefu ya oksijeni imefungwa mnyororo. Chini ya mashine ya kukereza vyuma palikuwa na mabaki ya kukereza shaba, membamba, bado yanang'aa.

"Siku hizi unakereza shaba?"

"Kazi za watu."

"Kazi gani?"

Tluway akavuta droo za meza, moja baada ya nyingine. Katika ya mwisho, chini ya tambara safi, akakuta kipande cha shaba chenye nyuzi kama za skrubu pande zote mbili, kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili. Alitoka mpaka kwenye gari, akarudi na mtungi wa pili wa Pascal, ule ambao haukuungua, alioutoa Gitting kwa ajili ya kulinganisha tu, akaulaza sakafuni. Upande mwembamba wa shaba ukaingia kwenye koki kwa vidole tu. Kisha akakichukua kipande hadi ukutani, akajaribu upande mpana kwenye mtungi wa oksijeni. Nao ukaingia.

"Clement," alisema, "nani aliujaza ule mtungi?"



"Nilitaka mama asikie," alisema Clement. "Mama yangu. Yeye anasema mtu hawezi kupumua kwenye maji, ni uongo wa watu wa pwani. Nikataka Irene aingie kwenye lile tangi la maji la uani kwangu, azame, bibi yake akija asikie pumzi inavyotoka. Pascal alisema hewa tutajaza hukohuko Mafia. Nikaona tutamchelewesha mtoto furaha yake."

"Ukampa oksijeni."

"Ningempa upepo wa matairi? Wenye vumbi na oili? Mwanangu?" Sasa aliinua uso. "Oksijeni si ndiyo wanayowapa wagonjwa, afande? Si ndiyo hewa yenyewe?"

"Pascal alijua?"

"Hapana. Ilikuwa siri yangu na Irene."

"Na nani alimwambia afungue koki?"

Clement aliangalia bandeji zake.

"Mimi. Nilimwambia, fungua, mama, waoneshe."

"Siku zote hizi umemwacha mdogo wako alale sakafuni kituoni."

"Nilikuwa naomba iwe yeye. Nikifumba macho naona mkono wa Irene pale kwenye koki. Nikiwa na mtu wa kumchukia, napata usingizi kidogo."

Tluway amesikia watu wengi wakijitetea, na wengi huwa wanamchosha. Huyu hakumchosha. Alimhurumia, akakasirika kwa kumhurumia.

"Lakini afande, sikiliza." Clement alikuwa amesimama. "Oksijeni haiwaki yenyewe. Mimi ni fundi, najua. Inataka mafuta. Tone moja tu la mafuta mahali inapopita kwa nguvu, inalipuka. Ndiyo maana nilisafisha koki kwa sabuni, nikasuuza, nikakausha, nikanawa mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa safi. Nakuapia kwa mtoto wangu aliyelala kule, ilikuwa safi! Mafuta yametoka wapi?"

"Baada ya kuujaza, mtungi ulikaa kwa nani?"

"Usiku ulikuwa chumbani kwangu. Asubuhi Pascal na Irene waliuchukua kwenye pikipiki, wakaenda Mogitu kumuaga mama. Halafu wakarudi, wageni wakaja. Muulize Pascal. Alipaka nini? Muulize."

Mkono wa Tluway ulikuwa umeshapanda wenyewe mpaka kwenye mfuko wa koti. Ile harufu ilikuwa imepata jina.

*

Pascal aliletwa kutoka mahabusu bila viatu wala mkanda, ameshikilia suruali kwa mkono. Tluway alimtoa askari nje, akafunga mlango.

"Irene amefariki leo asubuhi."

Pascal alikaa chini sakafuni, palepale, ingawa kiti kilikuwepo. Tluway alimwacha alie. Katika kazi hii mtu anayelia hakatizwi, kwa heshima na pia kwa sababu mara nyingi anachosema baada ya kulia ni kweli.

"Nilimfundisha kukagua," Pascal alisema. "Kabla ya kuzama wawili mnakaguana. Wewe unaangalia vyangu, mimi vyako, kila kitu kwa mkono na kwa sauti. Alikuwa anajua kuliko watu wazima. Siku ile mwenzake wa kumkagua nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nje napiga kelele kwenye simu, eti boti iwe na turubai la kumpa mama yake kivuli."

"Mtungi haukuwa mtupu, Pascal. Kaka yako aliujaza usiku ule, kwa siri."

"Alijaza na nini? Hana kompresa ya—"

"Oksijeni."

Pascal aliinua kichwa. "Na nini kingine?"

"Oksijeni tupu."

Tluway alikuwa amekaa mahali pazuri pa kuona uso, ndiyo kawaida yake. Aliuona uso ule ukijaribu kulikimbia jambo, ukashindwa, ukalielewa. Pascal akaweka ngumi mdomoni, akaing'ata. Alipoitoa, sauti yake ilikuwa nyingine, kavu, ya mtu anayesoma.

"Andika, afande. Ni mimi. Nilipaka grisi kwenye koki."

"Grisi gani?"

"Ya pikipiki."

"Lini?"

"Asubuhi ileile."

"Kwa nini?"

"Ili... ikaze vizuri."

"Wewe, mzamiaji, ukapaka grisi ya pikipiki mahali anapopumulia mtoto."

"Andika tu. Nitatia sahihi."

Tluway hakugusa kalamu. "Mogitu mlifanya nini?"

"Hatukwenda Mogitu."

"Clement anasema mlikwenda."

Pascal alimrukia, na kwa sekunde moja Tluway alidhani anapigwa. Lakini alikuwa ameshika mkono wa koti lake kwa mikono yote miwili, suruali ikamteleza, hakujali.

"Usiende Mogitu. Nakuomba kama ndugu yangu. Nipeleke Jumatatu, sitapinga kitu. Mimi nilimwona anapaka, nikacheka. Nilijua si sawa. Nikasema mtungi mtupu, nitausafisha tukifika Mafia, kwa nini nimvunje moyo? Kwa hiyo ni mimi. Si uongo, afande. Ni mimi."

"Ulimwona nani?"

Pascal aliachia koti. Alirudi sakafuni, akaugeuzia ukuta uso.

Tluway alibaki na karatasi nyeupe mbele yake. Maelezo ya kukiri, kwa hiari, mbele ya ofisa. Mkuu wa kituo angefurahi sana. Na yangekuwa ya uongo. Kwa upande mwingine, harufu haipelekwi mahakamani kama ushahidi. Lazima mtu aseme kwa kinywa chake alichofanya. Alimwita askari, akachukua funguo za gari, akaenda Mogitu huku akijua anachokwenda kukikuta, na akitamani gari liharibike njiani.

*

Gari halikuharibika. Bibi Udahoda, mama yao Clement na Pascal, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mzigo wake mdogo umefungwa kwa kanga, anasubiri kupelekwa Gitting msibani. Shuka lake lilikuwa safi. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wameshatoka malishoni na ndama wanalia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alimtazama kwa makini. "Wewe ni Mmbulu."

"Ndiyo, bibi. Wa Tumati."

"Babu yako na baba yangu, Mbarabaig, wangepigana. Kaa. Kunywa maziwa."

Alikaa, akanywa. Maziwa yalikuwa na ladha ya moshi wa kibuyu. Aliyamaliza yote, kwa sababu kuyaacha kungekuwa tusi na kwa sababu alikuwa anachelewesha swali.

"Bibi, ile asubuhi Irene alikuja kukuaga."

"Alikuja. Na chupa yake kubwa ya chuma." Mikono yake iliupima urefu wake hewani. "Akanionesha. Akasema, bibi, pumzi yangu inatokea hapa, kule chini ambako pumzi hakuna. Nikamwambia, na ikikosa? Akasema, basi nakufa. Akacheka. Watoto wanacheka. Mimi sikucheka."

"Ukafanya nini?"

"Nilifanya ya kwetu. Mtu wangu anatokaje bila siagi? Nikampaka kichwani, nikampaka kifuani. Halafu nikasema, na hiki chuma je? Si ndicho kimebeba pumzi yake? Akatoa kifuniko. Nikaingiza kidole, nikapaka mle ndani, vizuri, mpaka kidole kikafika mwisho."

"Pascal alisema nini?"

"Pascal alicheka. Akasema, mama, utaziba. Nikamwambia, siagi ya mama haizibi kitu."

Tluway aliinamisha kichwa, akajifanya anaandika. Kila kitu sasa kilikuwa mahali pake: oksijeni ya baba, siagi ya bibi, kicheko cha baba mdogo. Watu watatu waliompenda mtoto yule kuliko chochote walimpangia safari, na kila mmoja akaongeza cha kwake kilicho bora.

"Wewe ndiye unayetafuta," bibi alisema. "Watu wamekuja hapa kuniambia ni Pascal. Mimi sijamlaani bado. Nimesema nitamngoja yule wa serikali. Niambie. Ni Pascal?"

"Siyo Pascal, bibi."

Macho ya kikongwe yalijaa maji. Alishika mkono wa Tluway, akaushikilia. "Basi bado nina watoto wawili wa kuwaangalia usoni. Nilikuwa naogopa nimebaki na mmoja. Ni nani, basi?"

Jibu alikuwa amelitengeneza njiani, katika vumbi, na kulirudia mpaka likanyooka. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kusema uongo kwenye upelelezi. Aliwahi kunyamaza tu. "Chuma kilikuwa kibovu, bibi. Ni ajali. Hakuna mtu."

"Chuma."

"Ndiyo."

Aliyafikiria hayo. Mwishoni akaitikia kwa kichwa, akanyanyuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo.

"Umenirudishia Pascal. Na wewe una njia ndefu ya kurudi. Inama."

"Bibi, haina haja..."

"Inama, mwanangu."

Akainama. Vidole vyake vilikuwa vigumu na siagi ilikuwa baridi. Alimpaka kipaji cha uso, akampaka utosini, akisema maneno ya Kibarabaig ambayo Tluway hakuyaelewa. Kisha akashuka kumpaka kifuani, juu ya shati, na hapo mkono ukasimama.

Akasogeza uso. Akanusa koti.

"Umebeba nini hapa?"

"Kitu cha kazi tu." Tluway alitaka kurudi nyuma, lakini bibi alikuwa amemshika koti.

"Kinanuka siagi. Siagi iliyoungua." Akanusa tena, macho yamefumbwa, bila haraka. "Kibuyu changu nakifukiza kwa mti mmoja tangu nilipoolewa. Wenzangu wanatumia mingine. Hii ni yangu. Naijua hata ikiungua."

Tluway alifunika mfuko kwa kiganja.

Bibi Udahoda alifumbua macho, akaangalia kidole chake, kile alichokiingiza kwenye chuma. Alikiangalia muda mrefu. Gari la kumpeleka msibani lilikuwa limefika, dereva anapiga honi, na mtu mmoja akaita kwamba twende, mwili unakaribia.

Hakugeuka. Alishika pindo la shuka lake safi, akaanza kumfuta Tluway. Alifuta kipaji, akafuta utosi, akafuta nyuma ya masikio mahali ambapo hata hakuwa amepaka, akirudia na kurudia, mpaka hakukubaki hata alama.

"Nenda hivyohivyo, mwanangu," alisema. "Nenda mkavu."